Nani Amfuate Mwenzake, Gurudumu au Reli?

Mpwa wangu alikuwa ameinamisha kichwa hadi shavu likagusa ubao. Ndivyo anavyopenda kuitazama treni yangu ndogo ya mfano: jicho usawa wa reli, ili ionekane kubwa. Kichwa cha treni kikapita kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Behewa la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu, lile la kijani la abiria, likainua bega moja, likatetereka, likalala ubavu na kuyavuta yaliyokuwa nyuma yake.

"Abiria wote wamekwisha," akasema, bila hata chembe ya majonzi.

Nikalinyanyua, nikaligeuza tumbo juu, nikaanza kuchomoa ekseli, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Nilikwishamweleza kwamba shida iko kwenye nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, na kwamba nitazipitia ekseli moja baada ya nyingine. Akanitazama, akatazama mabehewa yaliyopangwa kwenye rafu, akarudi kunitazama mimi.

"Mjomba, si pointi ni moja tu? Sasa kwa nini unarekebisha magurudumu yote hayo? Si urekebishe pointi?"

Nikamwambia ndivyo inavyofanywa.

Hakubisha. Ni mtoto mwenye adabu zake. Lakini swali lake limenikaa kooni wiki kadhaa sasa, na kila nikishika kalipa, kifaa changu cha kupimia, nalisikia.

## Mtoto ana hoja

Behewa la abiria lina boji mbili, zile fremu ndogo zinazobeba magurudumu, na kila boji ina ekseli mbili. Mabehewa 10 ni ekseli 40, magurudumu 80. Kila ekseli ichomolewe, ipimwe, gurudumu lisogezwe kwa kiasi ambacho jicho halikioni, kisha irudishwe. Upande wa pili kuna kipande kimoja cha reli chenye urefu wa kiganja na ushei. Mpe fundi yeyote wa mtaani hesabu hiyo uone atachagua nini.

Na pointi inatengenezeka. Wapo wanaobandika utepe mwembamba wa plastiki ili kuubana mfereji ambamo ukingo wa gurudumu, ule mdomo unaoshuka upande wa ndani wa reli, hupita. Wapo wanaoipiga msasa ncha ya makutano, pale reli mbili za ndani zinapokatana. Nimeziona kazi hizo zikifanywa vizuri, kwa mikono iliyotulia kuliko yangu. Siwezi kumwambia mtoto kwamba pointi haiguswi.

Basi kwa nini mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu?

Wanaofuatilia ukurasa huu wanajua treni zangu ni za kipimo cha HO, ile ya 1 kwa 87 (ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli), inayotembea kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5. Wanajua pia utani ninaoupata kwa sababu hiyo: ukizidisha 16.5 kwa 87 unapata 1435, upana wa SGR, reli yetu mpya ya kisasa, kwa hiyo chumbani kwangu SGR ilifika Dodoma miaka mingi kabla ile ya kweli haijaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam, Julai 2024. Reli niliyokua nayo mimi, ile ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1910, ni ya mita moja kamili. Mwenye haki ya kuiiga angetumia njia ya milimita 12. Hayo tumeshayabishania, tuyaache.

## "Likienda au likirudi?"

Jirani yangu hapa Kizota ni mzee aliyestaafu kazi ya ukaguzi wa mabehewa. Hunitania kwamba ninaendesha shirika la reli lisilodaiwa mafuta. Jioni moja nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Treni yako imefika Tabora?"

"Haijatoka hata Dodoma, mzee. Behewa linaanguka palepale kwenye pointi."

"Likienda au likirudi?"

Nilikuwa na jibu la wapi. La upande gani sikuwa nalo. Nikaaga, nikarudi ndani, nikawasha transfoma.

Likitokea pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, na pointi imeelekezwa njia ya pembeni, linaanguka kila mara. Likitokea kinyume, kule njia mbili zinakoungana, linapita kama maji. Likinyoosha moja kwa moja linatikisika tu, halianguki.

Swali la maneno matatu lilikuwa limewaachia huru watuhumiwa wengi. Ungekuwa ubao umepinda, au maungio ya reli yameachana, behewa lingesumbua hata likirudi, angalau mara mojamoja. Vumbi nalo nilikuwa nimelishuku sana. Upepo wa Dodoma wa kiangazi unajua kupenya hata dirisha lililofungwa, na vumbi likijaa kwenye mfereji hunyanyua ukingo wa gurudumu. Lakini vumbi halichagui behewa la kijani na kuyaachia mengine.

Nikazima umeme, nikamulika kwa tochi ya simu, nikalisukuma behewa kwa kidole kimoja, taratibu kabisa. Kwenye ndimi za pointi, zile reli zinazosogea kuchagua njia, lilipita bila neno. Tatizo likaja mbele zaidi, pale reli mbili za ndani zinapokatana na kufanya ncha. Njia ya pembeni ni mkunjo, mkunjo unayasukuma magurudumu upande wa nje, na ncha iko upande huohuo wa nje. Ukingo wa gurudumu, badala ya kupita kando ya ncha, ulikuwa unakwenda kuigonga usoni. Kutoka hapo ama upande juu, ama uingie njia isiyo yake. Linaporudi hakuna uso wa kugonga, gurudumu linaiacha ncha nyuma yake tu.

Sasa nilijua kwa nini. Sikujua bado kosa ni la nani.

## Nusu milimita kasoro

Kazi ya kulizuia gurudumu lisigonge ncha haifanywi na ncha yenyewe. Inafanywa ng'ambo ya pili na reli fupi iliyolala sambamba na reli kubwa, reli ya ulinzi. Gurudumu la upande ule likipita, reli hiyo inalishika mgongoni, yaani upande wake wa ndani, na kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, la huku nalo linavutwa mbali na ncha. Ni kama kumshika mtoto shati kwa nyuma asikimbilie barabarani.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea umbali kutoka mgongo wa gurudumu moja hadi mgongo wa jingine. Nilipima pointi yangu. Mfereji wa reli ya ulinzi ni milimita 1.2, na ule wa kwenye ncha ni 1.2.

Toa 1.2 kwenye 16.5, unabaki na 15.3. Hiyo ndiyo nafasi kutoka reli ya ulinzi hadi ncha. Ndani yake lazima ienee migongo ya magurudumu pamoja na unene wa ukingo mmoja. Ukingo wa magurudumu yangu mengi una unene wa 0.8. Maana yake migongo isizidi 14.5.

Sasa toa mifereji yote miwili, 2.4. Unabaki na 14.1, kile kipande cha chuma na plastiki kilichoko katikati, ambacho magurudumu lazima yapite yamekipakata. Migongo ikipungua hapo, magurudumu yanakibana, na ekseli inanyanyuka.

Chini 14.1, juu 14.5. Uwanja wote wa kuchezea ni sehemu nne za kumi za milimita moja, na ndiyo sababu utasikia watu wengi wa HO wakitaja 14.4 na kuishia hapo.

Behewa la kijani: ekseli ya mbele ilikuwa 14.8.

14.8 na 0.8 ni 15.6, nayo nafasi ni 15.3. Reli ya ulinzi ilikuwa inavuta, lakini shati lilikuwa refu.

Hapo ningeweza kufunga daftari. Mtuhumiwa kapatikana, kipimo kiko wazi, mpwa wangu ataonyeshwa namba na atakubali. Kwa bahati mbaya nilikuwa na kalipa mkononi na usiku ulikuwa bado mchanga, nikaendelea kupima.

## Behewa lililonichanganya

Nina behewa moja kuukuu la kubebea mchanga, lililokuja likiwa limefungwa ndani ya soksi kwenye begi la ndugu aliyerudi kutoka Ujerumani. Halijawahi kuanguka. Ndilo ninalolitumia kuonyesha wageni kwamba reli zangu ni nzima.

Nikalipima: 14.7.

Nikapima tena nikiamini kalipa imeteleza. 14.7. Behewa ambalo kwa hesabu niliyotoka kuiandika lilipaswa kugonga ncha kila likikaribia.

Nilikaa na jambo hili siku nyingi kuliko nilivyokaa na behewa la kijani, kwa sababu linaloanguka linakupa pa kuanzia, lakini lisiloanguka huku kipimo kikisema lianguke linakunyang'anya hata kile ulichodhani unakijua. Nilishuku uzito. Kweli ni zito. Wamarekani wana pendekezo la zamani la gramu 28 za kuanzia na gramu 14 kwa kila sentimita 2.54 za urefu wa behewa la HO, na hili linapita hapo bila shida. Lakini uzito haukunitosheleza. Behewa zito likigonga ncha litagonga kwa nguvu zaidi, na hili lilikuwa haligongi kabisa. Nilimulika, nikasukuma kwa kidole, lilikuwa linapita kando ya ncha bila kuigusa.

Jibu lilikuwa kwenye kitu ambacho sikuwa nimekipima kwa sababu nilikichukulia kuwa ni kilekile kwa mabehewa yote. Unene wa ukingo. Magurudumu ya behewa la mchanga ni ya chuma, yamechongwa membamba. Ukingo wake ni 0.6.

14.7 na 0.6 ni 15.3. Nafasi ni 15.3.

Linapita kwa unywele, lakini linapita.

Basi ile 14.4 tunayopeana kama dawa ya kichwa si sheria ya magurudumu. Ni matokeo ya hesabu ya watu waliodhani ukingo una unene fulani na mfereji una upana fulani. Badili kimoja na namba inahama. Ningelilazimisha behewa la mchanga lifike 14.4 lisingeharibika, lakini sababu ambayo ningempa mtoto ingekuwa ya uongo.

## Kipimo cha nani?

Ukitaka kuona jinsi namba hizi zisivyotoka mbinguni, ziweke kando ya SGR. Kwenye reli za upana wa 1435, migongo ya magurudumu huachana kama milimita 1360. Gawanya kwa 87: 15.6. Sisi tunaweka 14.4. Tofauti ya milimita 1.2 ukiikuza mara 87 inazidi sentimita 10. Yaani treni ya kweli iliyoko stesheni sasa hivi, ikipunguzwa kwa uaminifu hadi ikae kwenye ubao wangu, ingeangukia kwenye pointi yangu ya kwanza.

Sababu ni kwamba vitu vyetu ni vinene. Ukingo wa 0.8 ukikuzwa ni kama sentimita 7, na hakuna treni yenye ukingo wa namna hiyo. Tumeunenepesha kwa sababu reli zetu zinafungwa kwa mkono juu ya mbao na mikunjo yetu ni mikali kuliko kona yoyote utakayoiona kati ya Kilosa na Gulwe. Tukaunenepesha ukingo, tukalazimika kupanua mfereji, tukapanua mfereji, tukalazimika kuivuta migongo ndani. Kila kimoja kimemfuata mwenzake hadi wote wakafika mahali ambapo hakuna aliyeko sahihi peke yake.

Swali la mpwa wangu, nani amfuate nani, lilikuwa linadhani mmoja wao alitangulia.

Nikamfikiria Kidatu. Pale reli ya mita moja inakutana na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, yenye milimita 1067. Tofauti ni 67, chini ya upana wa kiganja, na kwa ajili ya 67 hizo mzigo unashushwa behewa hili na kupakiwa lile. Hakuna anayekosea. Kila behewa pale linakaa vizuri kabisa kwenye reli yake. Kila upande una makubaliano yake, na makubaliano mawili mazuri yakikutana bila la tatu, kazi inabaki kwa wapakuzi.

Nchini Marekani chama cha wapenzi wa treni ndogo, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina kibati kimoja bapa chenye pembe na meno. Meno ya upande mmoja unayaweka kwenye magurudumu. Unakigeuza, meno mengine unayaweka kwenye reli na kwenye mifereji ya pointi. Ni kibati kilekile. Nilikuwa nimekiona kwenye picha mara nyingi bila kujiuliza kwa nini hawakutengeneza viwili.

Ndipo nikapata jibu la kumpa mtoto, na nilimpa akiwa anakula muwa, kwa hiyo sijui liliingia kiasi gani. Pointi inapimwa kwanza. Haipimwi kwa kutumia behewa, inapimwa kwa kibati. Ikishindwa, inarekebishwa yenyewe, na mabehewa yanaachwa. Ikipita, basi behewa ndilo linalorekebishwa, hata kama ni 10 dhidi ya pointi moja. Ningeubana mfereji ili behewa la kijani lipite, behewa la mchanga lingeendelea kupita na mimi ningeona nimemaliza. Halafu rafiki yangu wa Morogoro angekuja na mabehewa yake, yaliyopimwa vizuri kwao, yangeangukia kwangu. Na la kijani likienda kwake lingeangukia kwake.

"Kwa hiyo kosa si la pointi wala si la behewa?"

"La behewa. La kijani."

"Aa," akasema. Nadhani alitaka jibu refu zaidi.

## Kazi yenyewe

Niliachana na kalipa kwa kazi ya kurekebisha. Kalipa inapima vizuri, lakini ukiwa unasukuma gurudumu kwa dole gumba unahitaji kitu cha kusukumia. Nikaenda kwa fundi anayekereza vyuma, nikamwomba kipande cha shaba nyeupe au njano, chochote, chenye upana wa 14.4. Akaniuliza ni cha pampu gani. Nilipomweleza akanitazama kwa huruma, akakikereza, akanipa cha 14.42. Nikashukuru.

Ekseli inachomolewa kwenye boji kwa kuupanua mdomo wake kidogo tu. Hizi za plastiki ukizilazimisha zinabaki zimelegea milele. Kabla ya kusukuma chochote ninapima sehemu tatu kuzunguka gurudumu. Namba zikitofautiana, gurudumu limekaa upande, na kulisogeza hakutasaidia mpaka kwanza linyooke. Zikilingana, ninashika magurudumu yote mawili, ninazungusha huku nikisukuma au kuvuta. Kuzungusha ndiko kunakofanya kazi. Ukivuta tu bila kuzungusha, gurudumu linakataa, linakataa, halafu linaruka milimita nzima.

Kila upande usogezwe sawa, ama sivyo ekseli inabaki na magurudumu yaliyoegemea kushoto na behewa linatembea kama linataka kusema siri. Kwenye magurudumu ya chuma kuna kipete cha plastiki kinachozuia umeme usivuke kutoka reli hadi reli. Hapo ninasukuma upande usio na kipete kwanza, kwa sababu kikipasuka hakiungiki. Gurudumu likiwa limelegea, tone dogo sana la superglue kwa ncha ya sindano, na ekseli ilale usiku kucha kabla ya kuguswa.

Vichwa vya treni ni habari nyingine. Katikati ya ekseli kuna gia, na anayevuta gurudumu bila kujua anaweza kuihamisha. Sivigusi pasipo sababu ya kutosha.

Ekseli ya kijani ilifika 14.4 kwa mzunguko mmoja tu. Inakera kidogo jinsi ilivyokuwa rahisi.

## Yaliyobaki

Behewa la mchanga sijaligusa. Rafiki wa Morogoro anasema nilisogeze hadi 14.5 ili liwe na nafasi hata kwenye pointi ya mtu mwenye mfereji mpana zaidi, na ana haki: linalopita kwa unywele kwangu litaanguka kwa mwingine. Jirani yangu mzee, nilipompelekea hesabu nzima kwenye karatasi, alisoma mpaka chini, akauliza kwa nini sijaandika lini ekseli ilipimwa mara ya mwisho. Kwa hiyo sasa kila behewa lina kipande cha karatasi kilichobandikwa tumboni, kina tarehe na namba mbili: migongo na ukingo.

Mpwa wangu amekiteka kile kipande cha shaba. Anakipitisha kwenye kila kitu chenye magurudumu, pamoja na gari lake la plastiki, ambalo kwa taarifa yenu halikidhi kiwango. Jumapili alikuja na kichwa cha treni mkononi akisema ekseli ya katikati haipitishi shaba, inabana. Nimemwambia asiivute, kuna gia. Bado nasubiri bisibisi ndogo niliyoagiza Dar ili nikifungue tuone kama ni 14.2 au ni mkono wake.